Asidi Inayokula Kioo na Mikono Inayoimudu

Fungua kabati la asidi katika maabara ya wanajiolojia, utaona chupa za kioo za salfuriki, nitriki na hidrokloriki zimesimama pamoja. Chini kabisa, peke yake ndani ya beseni, ipo chupa ya plastiki. Kilichomo hakiwezi kuwekwa kwenye kioo kwa sababu kinakila kioo chenyewe. Ni asidi ya hidrofloriki, ambayo wanaoitumia huiita HF tu, na katika maabara nyingi za utafiti hakuna kimiminika kinachoogopwa kuliko hicho.

Wapo watu wanaoishika asidi hii kila wiki, mwaka baada ya mwaka, na ngozi yao ikabaki salama. Ufundi wao hauna la kuonyesha. Seremala ana kiti na mfinyanzi ana chungu, lakini anayeimudu HF, siku yake ikienda vizuri, hana kingine cha kukuonyesha isipokuwa kwamba hakuna kilichotokea. Nadhani ndiyo maana hatuwasifu inavyostahili. Ningependa tuwatazame polepole, kwa mwendo uleule wanaofanyia kazi.

Kwanza tuielewe asidi yenyewe. Kwa vipimo vya kemia HF huhesabiwa miongoni mwa asidi dhaifu. Ikiwa ndani ya maji, sehemu kubwa ya molekuli zake hubaki nzima. Hazigawanyiki kuwa ioni kama zinavyogawanyika za asidi ya hidrokloriki. Anayesikia neno dhaifu kwa mara ya kwanza hushusha pumzi, na hapo ndipo hatari inapoanza. Molekuli nzima, isiyo na chaji ya umeme, hupenya ngozi kwa wepesi ambao asidi kali hazina. Ikishaingia ndani huachia floridi, na floridi huifuata kalsiamu popote ilipo, iwe katika damu, misuli au mfupa, ikaishika isiiachie. Hufanya hivyo kwa magnesiamu pia. Moyo hutegemea kalsiamu ili upige kwa mpangilio. Kwa hiyo mtu aliyemwagikiwa anaweza kufa kwa moyo kusimama, hata kama kidonda alichopata kwenye ngozi hakionekani cha kutisha.

Tabia yake nyingine ni kuchelewa kuuma. Ikiwa na nguvu ya zaidi ya asilimia 50, maumivu huja papo hapo. Kati ya asilimia 20 na 50 huweza kuchukua saa moja hadi nane. Chini ya hapo, mtu anaweza kumaliza kazi, akarudi nyumbani, akala na kulala, ndipo usiku kidole kianze kuuma kwa namna asiyowahi kuijua, bila alama yoyote juu ya ngozi. Mwili, ambao kwa moto au kisu hutuonya mara moja, hapa unakaa kimya. Anayefanya kazi na HF hana budi kujitengenezea maonyo yake mwenyewe, na utaratibu wote wa ufundi huu umejengwa juu ya ulazima huo.

Mwaka 1994, mjini Perth, Australia Magharibi, fundi wa maabara mwenye umri wa miaka 37 alikuwa akitumia asidi hii ya asilimia 70 kuyeyushia mwamba, ili kutoa chavua za mimea ya kale zilizokuwa zimefungiwa ndani. Alifanya kazi akiwa ameketi. Ikamwagika mapajani, kiasi kinachokadiriwa kuwa kati ya mililita 100 na 230, yaani kikombe cha chai au chini ya hapo. Hakuwa na aproni ya kuzuia asidi, na dawa ya kwanza ya ajali kama hiyo haikuwapo pale. Alijimwagia maji, kisha akajitumbukiza katika bwawa la kuogelea. Hospitalini alikatwa mguu, na siku ya 15 akafariki. Kisa chake huelezwa kwa wanaojifunza kazi hii sehemu nyingi duniani, na kanuni nyingi nitakazozitaja hapa ni jibu la mambo yaliyokosekana siku ile.

Basi tumtazame fundi hodari. Jambo la kwanza analolifanya ni kujiuliza kama HF inahitajika kweli. Kama ipo njia nyingine ya kuufungua mwamba, kwa mfano kuuyeyusha pamoja na chumvi ya borati kwenye tanuru, ataichukua. Kama asilimia 5 inatosha, hataagiza ya 48. Kama anahitaji mililita mbili, hatatoa kumi. Nauheshimu sana uamuzi huu kwa sababu hauna shahidi, na hakuna atakayejua kwamba asubuhi ile fundi aliamua kuiacha chupa ikiwa imefungwa.

Ikilazimu, huchagua muda. HF haifunguliwi jioni, wala siku ya mwisho wa juma wakati wenzake wameshaondoka, wala na mtu aliyekesha. Haifunguliwi na mtu aliye peke yake. Mwenzake lazima awepo mahali anapoweza kumwona au kumsikia, naye awe amefundishwa la kufanya. Katika maabara zenye nidhamu kibao huwekwa kwenye kabati la kufyonza mivuke kikisema HF inatumika, ili hata mfagiaji ajue asiguse tone lolote atakaloliona pale.

Halafu dawa. Kabla ya asidi kutoka kabatini, tyubu ya jeli ya kalsiamu glukoneti ya asilimia 2.5 huwekwa mezani, na tarehe yake ya mwisho husomwa. Maana ya jeli hiyo ni nyepesi kueleweka: floridi inatafuta kalsiamu, basi ipewe kalsiamu nyingi kabla haijafika kwenye ile ya mwili. Ngozi ikiguswa, nguo zilizolowa huvuliwa na maji hutiririshwa kwa dakika kama tano. Hayaendelezwi nusu saa kama tulivyozoea kwa asidi nyingine, kwa sababu maji peke yake hayaikamati floridi iliyokwisha kuingia, na kila dakika inayopita inaipeleka ndani zaidi. Kisha jeli hupakwa na kusuguliwa bila kukoma, kwa mkono wenye glavu, njia nzima hadi hospitali. Maumivu yakipungua, dawa inafanya kazi; yakirudi, inapakwa tena. Ndiyo sababu madaktari wanaoijua ajali hii husita kuchoma sindano ya ganzi mapema. Ganzi ingewanyima kipimo chao bora kuliko vyote. HF ikiingia chini ya ukucha, mahali jeli isipofika, pengine ukucha wenyewe hung'olewa, au kalsiamu hupitishwa kwenye mshipa unaolisha mkono.

Kilichonivutia zaidi katika maandalizi haya ni karatasi. Fundi makini huwa na ukurasa mmoja uliochapwa unaoeleza HF ni nini na hutibiwaje, tayari kusafiri na mgonjwa pamoja na jeli. Anajua kwamba daktari wa zamu huenda hajawahi kukutana na ajali hii, na kwamba ataona wekundu kidogo kwenye ngozi na kuudharau. Maabara bora zaidi huzungumza na hospitali ya jirani kabla chupa ya kwanza haijanunuliwa. Huko ni kuwaza mbali, na mtu wa namna hiyo angefaa kupewa dhamana yoyote ya maisha ya watu.

Sasa anavaa. Suruali ndefu na viatu vilivyofunika mguu wote anavyo tangu asubuhi. Anaongeza koti la maabara, juu yake aproni nzito isiyopitisha asidi inayoshuka hadi chini ya magoti. Kwenye macho ni miwani ya kinga iliyobana pande zote, na mbele yake ngao ya uso, kwa kuwa ngao peke yake huacha njia chini ya kidevu. Mikononi glavu mbili. Ya ndani ni ile nyembamba ya nitraili, aina tunayoiona kliniki. Hiyo peke yake HF yenye nguvu inaweza kuipenya kwa dakika chache. Ya nje ni nene, ya neopreni, inayofika karibu na kiwiko. Kabla ya kuivaa huijaza hewa, akaikunja mdomo na kuiminya akisikiliza kama inavuja. Anafanya hivyo hata kama ni mpya, hata kama aliivaa jana.

Halafu anafanya jambo ambalo mtu wa haraka angelicheka: anapitia kazi yote kwa maji. Chupa ya plastiki ileile kwa umbo, pipeti ya plastiki, vikombe vya Teflon, trei ya kukingia, na ndani yake maji matupu. Anamimina, anafunika, anasogeza, anarudisha. Anatafuta mahali ambapo kiwiko kitagusa kitu, ambapo mkono utapita juu ya chombo kilicho wazi, ambapo kifuniko hakina pa kuwekwa. Akikwama, anahamisha vyombo, anarudia. Watu waliofanya kazi hii miaka mingi bado hurudia zoezi hili kila utaratibu unapobadilika hata kidogo. Mikono yao imeizoea njia kiasi kwamba siku ya asidi yenyewe haibuni kitu kipya.

Asidi inapofunguliwa hatimaye, macho ya mgeni hayaoni tofauti. Mwendo ni uleule wa maji. Chombo hakishikwi mkononi wakati wa kumiminiwa. Kimekaa imara ndani ya trei, ndani kabisa ya kabati, na kioo cha mbele kimeshushwa chini kadiri mikono inavyoruhusu. Maji yalishatangulia chomboni na asidi ndiyo inayoongezwa, kamwe si kinyume. Pipeti haivuki hewani ikiwa na tone mdomoni. Chupa hufungwa kabla ya hatua inayofuata, hata kama itafunguliwa tena baada ya dakika moja. Glavu iliyo ndani ya kabati haigusi simu, kalamu, kitasa wala uso. Na tone lolote linaloonekana kwenye meza huchukuliwa kuwa ni HF mpaka karatasi ya pH iseme vinginevyo. Maji na asidi hii vinafanana kabisa kwa macho. Fundi anaiuliza karatasi, haulizi macho yake.

Kuvua ni kazi inayojitegemea. Glavu za nje huoshwa kwa maji zikiwa bado mkononi, huvuliwa bila upande wa nje kugusa ngozi, kisha zile za ndani, kisha mikono yenyewe huoshwa. Wengi wetu tukishamaliza jambo gumu mawazo hukimbilia nje. Fundi hodari hupunguza mwendo hapo. Mabaki nayo huingia katika chombo cha plastiki chenye jina na tarehe, kisichochanganywa na taka nyingine, maana mtu mwingine atakishika kesho bila kujua leo palifanyika nini.

Kwa nini basi watu wajitie kwenye taabu hii? Kwa sababu HF inafungua kilichofungwa na silika, na sehemu kubwa ya ganda la dunia imejengwa kwa silika. Katika viwanda vya chipu za kompyuta huondoa oksidi juu ya silikoni kwa usahihi mkubwa. Kipande kikitolewa, mtaalamu huangalia jinsi maji yanavyokimbia juu yake, kwani oksidi ikiisha silikoni haishiki tena maji. Maabara za meno huitumia ikiwa hafifu kukwaruza kauri ili ishike gundi. Lakini mahali ambapo ufundi huu unanigusa zaidi ni kwa wale wanaosoma umri wa mawe.

Chembe ya zirkoni ni ndogo kuliko punje ya mchanga na ni miongoni mwa madini magumu kuyeyusha. Ndani yake mna urani inayogeuka kuwa risasi kwa kasi inayojulikana. Nusu ya urani 238 hugeuka kwa miaka bilioni 4.468. Ukipima vyote viwili unapata umri wa mwamba, ila lazima kwanza chembe iyeyuke. Mwaka 1973 Thomas Krogh, aliyekuwa akifanya kazi katika taasisi ya Carnegie mjini Washington, alieleza namna ya kuifungia zirkoni pamoja na HF ndani ya kopo la Teflon lililovikwa chuma, kisha kulipasha moto kwa siku kadhaa. Njia hiyo, ikiwa imeboreshwa, ingali inatumika. Kiasi cha asidi kinachohitajika siku hizi ni cha matone, lakini matone hayo hukaa kwenye joto la zaidi ya nyuzi 200 za Selsiasi, yakisukuma kuta za kopo. Mwenye kulifungua husubiri lipoe kabisa, hata kama jibu la utafiti wa miaka mitatu limo humo.

Risasi inayopimwa ni kidogo mno, hata hesabu yake hufanywa kwa sehemu za gramu moja iliyogawanywa mara trilioni. Asidi ya dukani, hata ile safi, huwa na uchafu wa risasi unaoweza kuharibu jibu. Mwaka 1972 mwanajiolojia James Mattinson alichapisha njia yake ya kuisafisha. Chupa mbili za Teflon huunganishwa mdomo kwa mdomo kwa pembe mraba. Moja hupashwa joto la taa, nyingine hupozwa. Asidi haichemki kamwe. Inapanda kuwa mvuke taratibu, inavuka, inadondoka upande wa pili tone baada ya tone, na uchafu unabaki nyuma. Huchukua siku kupata chupa moja. Naiona kuwa mashine nzuri kuliko nyingi zenye umeme na vioo vya kung'aa. Usalama na usafi hapa vimekuwa kitu kimoja: asidi isiyochemka hairuki, na isiyoruka haimdhuru mtu wala haibebi uchafu.

Heshima hii kwa HF ililipiwa. Mkemia Carl Wilhelm Scheele, aliyeishi Uswidi, aliichunguza mwaka 1771 kwa kupasha moto jiwe la florspa pamoja na asidi ya salfuriki, akaona chombo chake cha kioo kikiliwa. Kwa zaidi ya miaka mia moja baada ya hapo watu walijaribu kuipata elementi ya florini iliyojificha ndani yake. George na Thomas Knox, ndugu wawili wa Ayalandi, waliugua vibaya. Paulin Louyet wa Ubelgiji na Jérôme Nicklès wa Ufaransa walipoteza maisha. Aliyefanikiwa ni Henri Moissan, mjini Paris, tarehe 26 Juni 1886, kwa chombo cha platinamu kilichopozwa sana na vizibo vilivyochongwa kwa florspa yenyewe, jiwe ambalo florini imekwisha kulishiba. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1906. Mimi huwaza zaidi juu ya vile vizibo kuliko ile tuzo, kwa kuwa vinaonyesha mtu aliyekaa akafikiri adui yake hali nini.

Jambo hili si geni kwetu Afrika Mashariki kama linavyoweza kudhaniwa. Florspa, malighafi ya HF yote duniani kwa muda mrefu, ilichimbwa Kimwarer katika Bonde la Kerio nchini Kenya. Kiwango kinachouzwa kwa ajili ya kutengeneza asidi ni kile chenye angalau asilimia 97 ya kalsiamu floridi. Floridi ileile, ikizidi katika maji, ndiyo iliyoacha madoa ya kahawia kwenye meno ya watu wengi wa Arusha na Meru. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimekuwa kikiiondoa kwa kuchuja maji kwenye mkaa wa mifupa, kwa sababu mfupa umejaa kalsiamu. Ni kanuni ileile ya jeli ya maabara. Na majivu ya volkano ya Bonde la Olduvai, yaliyopimwa mwaka 1961 na kutoa umri wa takriban miaka milioni 1.75 kwa fuvu la kale alilolipata Mary Leakey mwaka 1959, ni ya aina ambayo chembe zake za madini ya felspa leo huoshwa kwa HF hafifu kabla ya kupimwa, ili utandu wa nje uondoke na ibaki felspa tupu. Tunapowaambia watoto umri wa mabaki ya kale ya bonde lile, nyuma ya tarakimu hizo mara nyingi yupo mtu aliyejaza glavu hewa na kuisikiliza.

Hatari haiko kwenye maabara tu. Baadhi ya dawa za kuondoa kutu na za kusafishia rimu za magari zina HF, na huuzwa kwenye chupa zisizotisha mtu. Anayezitumia kwa mikono mitupu hana mwenzake pembeni, hana karatasi ya kumpelekea daktari, na pengine hataunganisha maumivu ya usiku na kazi ya asubuhi. Soma kibandiko kabla hujafungua.

Na kwa msomaji aliye na dhamana ya maabara, ya chuo, ya mgodi au ya meno: kama HF imo kwenye kabati lako, nenda ukasome tarehe kwenye tyubu ya jeli leo. Kama imepita, au haipo na duka la dawa halina, mfamasia anaweza kuichanganya kwa gramu 2.5 za kalsiamu glukoneti katika mililita 100 za jeli ya maji ya hospitali. Mpaka iwe mezani, chupa ile ya plastiki isifunguliwe.